Darasa la Tatu wote wasome ifikapo Juni: nani anapima, na kwa kipimo gani?

Chaki Nyeupe (mleta mada)
Wana Moshi, habari za muhula. Vikao vya tathmini ya elimu vya mwanzo wa mwaka tunavijua, na malengo yake tumeyakariri: kupandisha ufaulu wa Darasa la Saba, kumaliza utoro, na "kila mtoto wa Darasa la Tatu awe amemudu KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) ifikapo Juni". Hilo la mwisho ndilo nalileta hapa. Darasa la Saba linapimwa na Baraza la Mitihani (NECTA), karatasi inatoka nje ya shule. KKK ya Darasa la Tatu anaipima mwalimu yuleyule anayelifundisha darasa. Anajaza fomu, inapita kwa mwalimu mkuu, inakwenda kwa Afisa Elimu Kata, na ikifika halmashauri inasomeka asilimia tisini na kitu. Januari inayofuata mwalimu wa Hisabati wa Darasa la Nne anakuta watoto hawawezi kusoma swali, sembuse kulijibu. Lengo hili linapimika, au ni pambo la taarifa?

Mthibiti Mstaafu
Linapimika, tena kwa karatasi moja na saa ya mkononi. Tunga hadithi fupi ya maneno kama 60, isiyomo kwenye kitabu cha kiada. Mwite mtoto mmoja mmoja, pembeni, wenzake wasimsikie. Mpe dakika moja. Akikwama sekunde tatu mwambie aendelee na neno linalofuata. Piga mstari kwenye kila neno alilokosea, kisha hesabu yaliyo sahihi. Kipimo kilichotumika nchini kwa Darasa la Pili ni maneno 50 kwa dakika, kwa hiyo wa Darasa la Tatu asipungue hapo. Ongeza maswali matano ya ufahamu. Akishindwa mstari wa kwanza usimtese: mshushe kwenye maneno mojamoja, halafu silabi, halafu herufi, uandike alipoishia.

Kinachoharibu zoezi ni kutumia ukurasa wa kitabu. Watoto wameukariri, mpe kitabu kichwa chini bado atakusomea. Funika mistari ya juu, umwonyeshe neno la katikati ya mstari wa mwisho. Asiyejua kusoma utamsikia anaanza kuimba kutoka mwanzo wa ukurasa kwa sauti ya chini, kidole kinatembea, mpaka alifikie.

Mama Wawili
Samahani mzee wangu, akisoma "zahabu" badala ya "dhahabu" anakatwa? Maana huku kwetu hata watu wazima wanasema hivyo.

Mthibiti Mstaafu
Hakatwi, mama. Lafudhi si kosa la kusoma. Linalohesabiwa ni akisoma "dawa" pale palipoandikwa "dhahabu", yaani amebahatisha kwa herufi ya kwanza. Watoto wengi hukwamia kwenye ng', nyw, mbw na gh. Mwalimu makini anaandika silabi ipi imemkwamisha nani, si "anasoma/hasomi" peke yake.

Tambarare
Mzee, karatasi yako nzuri, sasa piga hesabu. Darasa la watoto 110, kila mmoja dakika nne pamoja na maswali ya ufahamu: dakika 440. Kipindi cha Darasa la Tatu ni dakika 40, kwa hiyo vipindi 11, na wale 109 waliobaki nani anawatazama? Mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Shukeni Mabogini na Kahe mtafute hao 45. Huku tunajaza fomu kwa kukadiria kwa sababu hakuna njia nyingine, wakati walimu wa mlimani wanaota jua na darasa la watoto 15.

Kibosho Juu
Kuota jua Kibosho? Kwa taarifa yako, Julai huku jua tunalisikia kwenye redio. Sasa na mimi nikupe hesabu. Shule ina Awali mpaka la Saba, vyumba vinane. Weka watoto 15 kila chumba, jumla 120. Gawa kwa hiyo 45 unayoililia: walimu watatu kasoro. Walimu watatu, madarasa manane! Ikama, yaani idadi ya walimu wa shule, ikipangwa kwa idadi ya wanafunzi peke yake, shule ndogo inakufa. Mwalimu wa mlimani anafundisha Kiswahili la Tatu, Sayansi la Tano na Hisabati la Saba, na bado yeye ndiye mwalimu wa afya na mhasibu. Wewe una tatizo la watoto wengi, mimi nina tatizo la masomo mengi. Usiniite mvivu.

Tambarare
Sijamwita mtu mvivu, nimesema 15. Na hukukataa 15.

Kibosho Juu
Kwa hiyo nikatae watoto wangu ili ufurahi?

Mjumbe wa Kamati
Ndugu zangu, vihamba, mashamba yetu ya ukoo, vimegawanywa mpaka vimeisha. Vijana wameshuka tambarare na mjini, wanazaa huko. Shule zimebaki walikozaliwa babu. Hakuna wa kulaumiwa hapo. Jambo la busara ni shule ndogo zinazopakana kuunganisha madarasa ya juu na kuacha Awali hadi la Pili karibu na nyumbani, maana mtoto wa miaka sita huwezi kumpandisha na kumshusha korongo mvua za Aprili. Ila hata mkipeleka walimu 20 shule moja, mtoto aliyetoka nyumbani saa kumi na mbili bila kitu tumboni, ikifika saa nne analala kwenye dawati. Uji kwanza, dakika yenu moja baadaye.

Mama Wawili
Nilijua tu! Mada ni kusoma, tumefika kwenye uji. Kila mwaka Januari ni mchango wa uji, mchango wa mlinzi, mchango wa mitihani. Elimu bila malipo ilianza 2016 au niliota?

Mjumbe wa Kamati
Hukuota, dada yangu. Waraka Namba 5 wa 2015 ulifuta ada na michango ya lazima. Chakula cha mwanafunzi wa kutwa kimebaki mikononi mwa wazazi: mnakaa kikao, mnakubaliana, na mtoto wa asiyetoa harudishwi nyumbani. Anayemrudisha mtoto kwa sababu ya uji amevunja utaratibu, mripoti.

Mama Wawili
Harudishwi, ila anakaa pembeni na kikombe kitupu akitazama wenzake. Hiyo nayo ni hiari?

Dakika Tano
Serikali inaleta ruzuku kila mwezi. Pikieni uji hiyo, muache kusumbua wazazi.

Chaki Nyeupe
Ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na katika hiyo 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Shule inapata 6,000, sawa na 500 kwa mwezi. Shule ya watoto 400 inapokea 200,000. Mgawanyo wake umepangwa: vifaa asilimia 30, ukarabati 30, mitihani 20, michezo 10, utawala 10. Chakula hakimo. Fungu la mitihani ni 40,000, na kwa kopi ya shilingi 100 hizo ni kurasa 400, ukurasa mmoja kwa mtoto kwa mwezi. Ndiyo maana nasema kipimo cha mzee wetu cha karatasi moja kwa shule nzima ndicho tunachokimudu. Tunaweza kurudi kwenye mada?

Dakika Tano
Basi ruzuku iongezwe. Mbona rahisi.

Mthibiti Mstaafu
Si rahisi hivyo, kijana. KiuFunza, mradi wa shirika la Twaweza, ililijaribu hilo hapa nchini, shule 350 katika wilaya 10, na matokeo ya watafiti akina Mbiti yalichapishwa 2019. Shule zilizoongezewa ruzuku peke yake, alama za watoto hazikusogea. Zilizopata ruzuku pamoja na bakshishi kwa mwalimu kwa kila mtoto aliyefaulu jaribio, hapo zilipanda. Na angalieni: aliyepima hakuwa mwalimu wa darasa.

Tambarare
Bakshishi! Leteni basi. Mimi nina 110, nitakuwa tajiri kuliko Kibosho yote.

Mjumbe wa Kamati
Naomba nimalize la uji kwa namba, maana watu wanaogopa kitu wasichokipima. Kikombe cha mililita 300 kinataka unga gramu 40. Watoto 400 ni kilo 16 za unga kwenye lita 120. Siku za masomo ni 194, kwa hiyo mtoto mmoja anakula kilo nane za unga kwa mwaka mzima, hata nusu debe la mahindi halifiki. Mzazi wa Uru hana nusu debe? Wa Kahe hana?

Ulezi Mwekundu
Mjumbe umeficha sukari. Gramu 15 kwa kikombe mara siku 194 ni kilo tatu kwa mtoto. Kilo ikiwa 3,000, hiyo ni 9,000 kila mtoto, na ni fedha taslimu, haivunwi shambani. Shule nyingi uji unakufa Machi kwa sababu ya sukari, mahindi yapo stoo. Watoto wakipewa usio na sukari wanaumwaga, kamati inasema "hawataki uji". Anzeni na gramu saba tangu siku ya kwanza, wazoee. Changanyeni ulezi kidogo, una ladha yake.

Kibosho Juu
Ulezi wa uji utaupata wapi Kibosho? Wote una miadi na ndizi kwenye pombe ya mbege.

Ulezi Mwekundu
Hahaha, hapo umesema kweli mangi. Lakini jambo la stoo si la mzaha. Mahindi ya kuchangishana kila nyumba yanakuja na unyevu wake. Gunia moja bichi linaunguza mengine. Yasipokelewe kabla hayajashuka chini ya asilimia 13.5. Kama hamna kipimo, tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, acha robo saa: chumvi ikiganda kwenye kioo yarudishwe juani. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara 2016, na kuichemsha kwenye uji hakuiondoi.

Mthibiti Mstaafu
Haya yote ni ya maana, ila msichanganye mambo. Uji unamleta mtoto shuleni na kumfanya akae macho. Kusoma hakuji na uji, kunakuja na kufundishwa alipokwama. Ukishapima, lile darasa la 110 ligawe kwa kiwango: wa herufi, wa silabi, wa maneno, wa aya, wa hadithi. Saa moja kila siku, la Tatu hadi la Tano mnawachanganya, kila mwalimu anachukua kundi. Ni njia ya shirika la Pratham la India, nchi nyingi za Afrika zinaitumia. Kundi la hadithi linaweza kuwa na watoto 60 na likajiendesha. La herufi lisizidi 25, na apewe mwalimu hodari kuliko wote, si yule wa kujitolea aliyeingia jana. Wakuu wa shule hufanya kinyume: hodari anapelekwa la Saba kwa sababu la Saba ndilo linalotangazwa.

Tambarare
Hapo mzee umegusa kidonda. Lakini kundi la 25 nitalikalisha wapi? Chini ya mwembe, Aprili?

Kibosho Juu
Njoo uazime vyumba mlimani, tunavyo. Si ulisema tunaota jua.

Mama Wawili
Mimi bado sijajibiwa kuhusu kikombe kitupu.

Mjumbe wa Kamati
Dada, jibu ni hili: kwenye makisio weka watoto 400, kwenye makusanyo tegemea 320. Yaani panga mchango wa kilo kumi badala ya nane, wanaotoa wanawabeba wasiotoa, na jina la asiyetoa lisisomwe mstarini. Likisomwa mara moja tu, mwezi unaofuata hata wenye nacho hawatoi.

Mama Wawili
Kwa hiyo wangu wawili wanawabebea wengine, na mnatutangazia leo. Sawa. Risiti je?

Mjumbe wa Kamati
Risiti ni haki yako, idai. Na mapokezi ya stoo yawe na saini za watu wawili, mmoja mzazi.

Jiko Sanifu
Mmesahau moto. Katazo la kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 limeshaanza, 2024. Shule ya 400 imo ndani. Lita 120 kwa gesi, sufuria ikiwa na mfuniko na kinga ya upepo, zinakula kilo mbili hadi mbili na nusu kwa siku. Mtungi wa kilo 38 unakwenda siku 15 hadi 19. Hesabuni mitungi 10 hadi 13 kwa mwaka. Bila mfuniko ongezeni theluthi.

Dakika Tano
Mitungi 13! Nani analipa?

Jiko Sanifu
Ndiyo kikao chenu kinachofuata. Lakini koroga unga kwenye maji baridi kwanza, ndoo mbili, ndipo umimine kwenye yanayochemka. Wapishi wengi wanatia unga mkavu, unafanya madonge, wanakaa na moto nusu saa nzima kuyavunja. Hapo gesi inapotea bure.