MREJESHO: Nimempa jemadari cheo, ila kwa masharti

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza kama kwenye Clash of Clans, mchezo wa simu ambao makundi ya wachezaji (klani) hupigana vita, nimpe jemadari wetu, yaani anayetupangia vita, cheo cha kiongozi msaidizi, ilhali namjua ana hasira za haraka. Wengi mlisema mpe kwa masharti. Nimefanya hivyo.

Shida ni kwamba mchezo hautenganishi mamlaka ya cheo hicho. Anayeweza kuanzisha vita anaweza pia kumfukuza mwanachama, kwa hiyo jemadari anajikuta hakimu vilevile. Tukaahidiana mbele ya klani nzima: siku ya maandalizi na ya mapigano, zote mbili, yeye ndiye anayeamua nani apige kijiji kipi. Kufukuza mtu ni baada ya vita, na lazima anishirikishe.

Jumamosi dogo mmoja hakutumia hata shambulio moja kati ya mawili yake. Zamani angetolewa usiku uleule. Safari hii jemadari alinifuata kwanza. Kumbe kijana alikuwa msibani. Iliniingia sana moyoni.

Vita tumeshindwa, lakini hakuna aliyehama. Wasaidizi wanne wasiopanga chochote nimewashusha cheo. Mmoja bado hanisemeshi, leo jioni nitamtafuta.