Kulinda Forester ya turbo mjini Kampala: nianze na traka, au kuna la kutangulia?

Turbo_Kireka

Salamu kwenu ndugu zangu. Nina Subaru Forester ya turbo, toleo la mwaka 2004, iliyoingia nchini kabla ya sheria ya 2018 iliyopiga marufuku kuingiza magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa. Maana yake ni kwamba ikiibwa, hata nikiwa na fedha mkononi siwezi kuagiza nyingine ya umri huo kutoka Japani kupitia Mombasa. Itanibidi nimtafute mwenye nayo humu humu nchini aliye tayari kuiuza, na wenye nazo hawauzi.

Siku za kazi naitumia kutoka Kireka hadi mjini kwa barabara ya Jinja, na huko mjini huwa nimeiegesha kando ya barabara mchana kutwa. Ninapoishi ni nyumba za kupanga zenye ua mmoja. Lango lipo na askari yupo, lakini wapangaji huingia na kutoka hadi usiku wa manane, na askari hawezi kumjua kila mgeni wa kila mpangaji. Mwisho wa wiki hufuata mbio za magari popote zilipo, iwe Mbarara au Busoga, na huko gari hushinda shambani katikati ya miwa pamoja na magari ya watu nisiowajua kabisa.

Tayari nimeshaonja. Kwenye foleni ya jioni kijana alikibandua kioo cha pembeni upande wa abiria nikiwa nimeketi ndani, akapotea kati ya bodaboda kabla sijafungua mkanda. Sasa kampuni moja inataka laki sita kunifungia traka, kile kifaa kinachoonyesha gari lilipo, mbali na ada ya kila mwaka. Shemeji yangu anasema nisipoteze pesa, ninunue kufuli ya usukani na nimwombe Mungu. Uwezo wangu hauzidi milioni moja. Naomba ushauri wa wenye uzoefu: nianze na nini, na kipi kinaweza kungoja?

FundiWaNyaya

Ndugu Turbo, pole kwa kioo. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Kampala na siuzi traka, kwa hiyo sina ninachovutia upande wangu. Kwa jinsi ninavyoona magari yanayoletwa kwangu, mwenye gari kama lako hupoteza vipande mara nyingi kuliko anavyopoteza gari zima: vioo, taa, betri, redio, na zaidi ya vyote kompyuta ya injini, ile ambayo kila mtu mjini huiita kontroo boksi. Traka haioni lolote katika hayo. Gari lipo pale pale ulipoliacha, simu yako inaonyesha kwamba limetulia, nawe asubuhi unazungusha ufunguo na injini haijibu.

Kabla hujanunua chochote, fanya jaribio moja lisilo na gharama. Chukua ufunguo wako, ufunge kichwa chake cha plastiki kwa karatasi ya aluminiamu ile ya kufunikia chakula, ukizungushia vizuri pasibaki upenyo, kisha jaribu kuwasha gari. Injini ikiwaka na kuendelea kunguruma, ama ufunguo wako hauna chipu inayosomwa na gari, ama kuna fundi aliyeizima zamani immobilaiza, yaani kifaa kinachozuia injini kuwaka bila chipu hiyo, kwa sababu ufunguo wa asili ulipotea. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zililazimisha magari mapya ya abiria yawe na immobilaiza kuanzia Oktoba 1998, lakini magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani lenyewe katika miaka hiyo yaliuzwa bila kifaa hicho, na ndiyo yaliyotufikia sisi. Usidhani kwamba ni udhaifu wa magari mazee tu: kule Marekani, Kia na Hyundai nyingi za miaka ya 2011 hadi 2021 ziliuzwa bila immobilaiza, na vijana walipogundua, wakawa wanabandua kifuniko cha usukani na kuziwasha kwa kichwa cha waya wa kuchajia simu.

Ikiwa jaribio litaonyesha kwamba huna immobilaiza, fedha yako ya kwanza iende kwenye swichi ya siri inayokata pampu ya mafuta. Hapa ndipo mafundi wengi huharibu kazi. Wanaukata waya mnene unaopeleka umeme kwenye pampu na kuupitisha kwenye kiswichi cha bei rahisi, na kwa kuwa pampu hula ampea kadhaa muda wote injini inapofanya kazi, kiswichi hupata moto, miguso yake huungua, na siku moja gari linazimika katikati ya mteremko. Swichi inatakiwa kukaa kwenye waya mwembamba unaoamsha rilei ya pampu, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, ambao umeme wake ni mdogo mno, na viungo vilehemewe, visisokotwe na kufungwa kwa utepe. Mahali pa kuificha usipachague kwa ushauri wa fundi, maana fundi akipachagua, kila gari alilofunga lina swichi mahali pamoja. Mimi hupenda kutumia kitufe cha asili ambacho mwenye gari hakihitaji. Mwizi ataviona vitufe vyote vya dashibodi na hatajua kipi kimebadilishwa kazi.

Jambo la pili kwa Forester yako ni milango. Madirisha ya toleo hilo hayana fremu, kioo hujibana chenyewe kwenye mpira wa paa. Mpira ukichakaa, kioo huachia upenyo ambao mtu huingiza waya na kuvuta kitasa cha ndani bila kuvunja kitu. Badilisha mipira, na umwambie fundi wa bodi arekebishe kimo cha vioo. Utafaidi pia kwa kupunguza kelele za upepo.

Kontroo boksi yako iko chini ya zulia, pale abiria wa mbele anapokanyaga. Mafundi wa kuchomelea wanatengeneza vizimba vya chuma vya kuifunika. Omba bolti ambazo kichwa chake hukatika zikishakazwa.

MamaHarrier_Entebbe

Fundi amesema vyema, ila naomba tusiwasahau sisi wenye magari ya kuwashwa kwa kitufe. Mimi ninaendesha Toyota Harrier, na kwa magari haya tatizo limegeuka: immobilaiza ipo, ila ufunguo unazungumza mno. Gari hutuma mawimbi dhaifu ya kuuliza kama ufunguo uko karibu, nao hujibu bila wewe kubonyeza chochote. Mtu mmoja akisimama karibu na mlango wa nyumba akiwa na kifaa cha kukuza mawimbi hayo na mwenzake akasimama kando ya gari, gari litaamini kwamba ufunguo umefika, litafunguka na kuwaka. Kwa hiyo nyumbani mwangu ufunguo haukai kwenye meza ya sebuleni. Unakaa ndani ya mfuko unaozuia mawimbi, na mfuko wenyewe lazima ujaribiwe: weka ufunguo ndani, nenda ushike kitasa, na mlango ukifunguka urudishe mfuko dukani. Toyota nyingi za karibuni zina njia nyingine ambayo wauzaji hawaitaji: shikilia kitufe cha kufungia, na ukiwa umekishikilia bonyeza cha kufungulia mara mbili, kitaa cha ufunguo kikimweka mara nne, ufunguo umenyamaza hadi utakapobonyeza tena kitufe.

Hata mfuko haumalizi mambo yote. Mwaka 2022 mjini London, mtafiti wa usalama wa kompyuta Ian Tabor aliibiwa Toyota RAV4 yake baada ya wezi kuchezea bampa na kung'oa kiunganishi cha taa ya mbele. Alipofuatilia na mwenzake Ken Tindell, ikaonekana kwamba nyaya za taa hiyo zimeunganishwa na mtandao ambao kompyuta zote za gari huongea ndani yake, na kifaa kilichofichwa ndani ya kasha la spika ndogo kiliweza kuliambia gari kwamba ufunguo halali upo. Nalisema hili kwa Ndugu Turbo ili ashukuru: Forester ya 2004 inawashwa kwa ufunguo wa kuzungusha, kwa hiyo mbinu hizi mbili hazimhusu, na swichi ya Fundi inatosha kuwa kikwazo kikubwa.

Linalomhusu ni rimoti. Kwenye maegesho yenye watu wengi mtu anaweza kubonyeza kifaa cha kuvuruga mawimbi wakati ule ule unapofunga gari. Unasikia kelele za mji, unadhani limefunga, unaondoka. Vuta kitasa kwa mkono kila mara.

Mzee_wa_Malaba

Wanangu, nawasoma kwa furaha. Sisi tuliokuwapo Charles Muhangi alipoutwaa ubingwa wa mbio za magari wa Afrika mwaka 1999 tunajua Subaru ilivyoingia katika damu ya nchi hii, lakini naona Fundi ameidharau traka kupita kiasi.

Mimi naishi mpakani. Gari zima likiibwa Kampala jioni, safari zake ni mbili: kuchinjwa usiku huo huo, yaani kufumuliwa vipuri, au kutafutiwa njia ya kuvuka mpaka. Katika hali zote mbili saa chache za mwanzo ndizo zenye maana, na bila traka utawaambia polisi nini zaidi ya rangi na namba? Namba hung'olewa kwanza. Hizi namba mpya za kidijitali, zilizoanza na magari ya serikali mwaka 2023, zitasaidia zaidi kumfuata dereva kuliko kulifuata gari lililovuliwa namba.

Ila traka ni ya maana ikiwa maswali fulani yameulizwa kabla ya kulipa. Kifaa hupata mahali kilipo kutoka kwenye setilaiti, lakini habari huzituma kwa laini ya simu. Nani anailipia laini hiyo, na ikiisha salio utaarifiwa? Kina betri yake ya ndani, na betri ya gari ikichomolewa unapata ujumbe? Kampuni ina watu wa kutoka nje usiku, au ina mtu wa kupokea simu tu? Wengi hununua, wakafurahia kuangalia ramani mwezi wa kwanza, ada ya mwaka wa pili wakaisahau, na siku ya tukio wanakuta kifaa kilikufa zamani. Tena uwezo wa kuzima injini kwa simu usiutumie gari likiwa mwendoni. Usukani na breki huwa vizito ghafla, na aliyeko barabarani mbele yake hana kosa.

Na bima. Ile ya lazima, ya mtu wa tatu, inamlipa uliyemgonga. Gari lako likiibwa haikupi hata shilingi. Bima kubwa ndiyo inayogusa wizi, na kampuni nyingi za bima hazitalikubali gari kama lako bila traka. Likitokea la kutokea, piga 999 au 112, kisha nenda kituoni ukaandikishe na usiondoke bila namba ya SD, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha kituo cha polisi, kwa sababu bima hawataanza kukusikiliza bila hiyo. Piga picha ya namba ya chesisi na ya injini leo, uziweke mahali pengine, si ndani ya gari pamoja na logibuku.

FundiWaNyaya

Mzee wangu, sijaidharau traka, nimeiweka nafasi ya pili. Mwenye milioni moja anaweza kupata swichi, mipira ya milango, kizimba na kufuli ya usukani, na bado akabaki na sehemu ya traka akisubiri mshahara ujao. Akianza na traka, vioo vitaendelea kwenda.

Kuna jambo nililotaka kuliongeza, na linawauma wenzangu wa kazi. Gari la mpenzi wa magari halikai nyumbani. Linaingia gereji kila mara, leo linaongezewa hiki, kesho linabadilishwa kile, na wiki nzima ufunguo uko mikononi mwa watu ambao mwenye gari anawajua kwa jina moja tu. Katalisti, kile kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi, ina madini ghali ya platini, paladiamu na rodiamu, na inaweza kutolewa na kuachiwa bomba tupu bila wewe kugundua, hasa ikiwa ekzosi yako ilishabadilishwa na unaipenda kelele. Betri mpya inarudi ikiwa nzee. Piga picha za sehemu hizo kabla ya kuliacha gari, mbele ya fundi, bila kuficha. Fundi mwaminifu hataudhika. Swichi ya siri usiionyeshe mtu yeyote, hata yule kijana anayekuogeshea gari kila Jumamosi. Nati za kufunga rimu nazo ni nzuri, lakini kila ninapofungua droo ya dashibodi nakuta soketi yake imelala humo.

Turbo_Kireka

Nawashukuru sana. Jaribio la karatasi nimelifanya sasa hivi: gari limewaka na kunguruma kama kawaida, kwa hiyo swichi imepata nafasi ya kwanza bila mjadala, na traka itangoja pamoja na bima kubwa. Mzee, picha za chesisi nimeshapiga.

Limebaki swali dogo. Nimenunua kioo kingine kwa wauza vipuri wa Kisekka, nimepewa risiti, na nataka kuchora namba ya gari kwenye vioo vyote kama wengi wanavyofanya. Mchoraji anasema atachora na taa za mbele. Je, ni sawa?

FundiWaNyaya

Vioo achore bila wasiwasi, kwa herufi kubwa na katikati ya upande wa chini, maana namba iliyofichwa pembeni mwizi haioni hadi ameshakibandua. Taa za Forester yako mbele ni plastiki, si kioo, na juu yake kuna utando unaozuia jua. Ukikwaruzwa, plastiki huanza kuwa ya njano hapo hapo na ukungu husambaa. Mwambie achore kidogo kwenye kona ya juu iliyo karibu na boneti, kisha usafishe na upake lakka safi inayozuia jua siku hiyo hiyo. Akisema lakka haihitajiki, mlipe vioo peke yake.