Twataka kumpeleka shosti mlimani besdei yake bila yeye kujua, tufanyeje?

binti_malindi
Assalam aleikum wapendwa. Mie niko Malindi, tuna rafiki yetu twampenda sana, mwezi wa saba anatimiza miaka 30 na tumeamua safari hii isiwe keki na picha za ufuoni kama kila mwaka. Huyu mtu tangu azaliwe hajapata kuvaa sweta, kila akiona video ya watu wamejifunika blanketi na ukungu umeingia mpaka barazani utamsikia "ya Rabi, nami nifike siku moja". Tuko watano, tushaanza kuchanga, twataka siku tatu za baridi ya kweli na asijue kitu mpaka tufike. Wengine wasema Mlima Kenya akaone theluji, wengine Limuru. Mie nina wasiwasi na mambo mawili, ana pumu ingawa si kali, halafu ni mtu wa mipango sana, ukimwambia panda gari bila kumwambia mwaenda wapi atakaa roho juu njia nzima na raha itaishia hapo.

mwana_wa_amu
Waaleikum salaam dadangu. Mlima Kenya utoeni kabisa. Theluji iko juu huko, kilele cha Lenana peke yake ni mita 4,985, na kuanzia mita 2,500 hivi mtu aliyezoea usawa wa bahari kichwa chaweza kuanza kumuuma, kichefuchefu, pumzi haitoshi, sasa huyo ana pumu na mna siku tatu tu. Nendeni Taita. Vuria ndio kilele kirefu kule, mita 2,208, na Wundanyi mtakapolala ni chini zaidi, kwa hivyo baridi mtaipata bila kuumwa. Ukipanda mita 1,000 joto lashuka kama digrii 6, piga hesabu kutoka hapo Malindi.

mdawida_pwani
Huyo wa Amu amenena. Mie kwetu ni Taita, kazi ndio imenileta Malindi, na mwezi wa saba nikienda nyumbani maji ya mfereji asubuhi yauma vidole na nguo ukiifua leo usitarajie kuivaa kesho.
Sasa hii siri ifanyeni hivi. Mwambieni mwaenda Tsavo kuona ndovu, na si uongo maana mtapita humo humo. Tokeni Malindi alfajiri, mshike njia ya geti la Sala la kuingilia Tsavo, hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, mle ndani mwafuata mto Galana ambao ndio huo huo Sabaki unaomwaga maji hapo kwenu, msimame kwenye maporomoko ya Lugard Falls, ndovu wekundu kwa ule udongo mtawaona inshallah, halafu mtokee Voi. Yeye atakuwa na ratiba yake yote mkononi, saa ya kutoka, nguo, chakula, roho imetulia. Pale Voi akidhani sasa mwarudi nyumbani ndio gari inashika Mwatate na kuanza kupanda, zile kona zenyewe zitamwambia. Lakini mbugani ni kilomita 40 kwa saa na mageti hufungwa saa kumi na mbili jioni, msikawie kwa picha. Getini hawapokei keshi, lipeni kwa mtandao wa eCitizen mapema, na mukipata mvua nyingi afadhali mpitie Mombasa, ile njia ya Sala si ya gari dogo.
Wundanyi muulizeni mwenye nyumba awapikie kimanga, kile chakula chetu cha kupondwa. Na asubuhi mwende msitu wa Ngangao na mtu wa pale, kuna ndege humo ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa hivyo vilima vya Taita.

mama_shela
Wanangu, mama yake mshamwambia? Msichana kulala siku mbili nje na simu huenda zisishike, mama akianza kupiga huku na huku hiyo siri itakuwa msiba. Mwendeeni kabla, mpeni na namba ya huyo dereva.
La pili ni hiyo pumu. Hewa baridi yaweza kuiamsha na moshi wa kuni pia. Dawa yake ya kuvuta ikae kwenye mkoba wake si kwenye buti la gari, na mmoja wenu abebe nyingine, ajifunike pua na mtandio akitoka asubuhi. Na nawaomba sana, mukishikwa na baridi usiku msiingize jiko la makaa chumbani mukafunga madirisha. Ile hewa haina harufu na yaua watu wamelala. Ongezeni mablanketi.

binti_malindi
Mashallah, Mwenyezi Mungu awalipe. Ni Taita basi, na kwa mama naenda kesho baada ya alasiri, nilikuwa sijalifikiria hilo la simu. Hilo la Tsavo wenzangu wamelipenda mno. Kimebaki nguo zake, nikimwambia abebe jaketi la kuonea ndovu atashtuka.

mwana_wa_amu
Usimwambie. Nunueni mitumba, huku pwani majaketi mazito hayana wateja, mtauziwa bei ya chini. Mpimieni kwa rafiki mwenye mwili kama wake, na soksi msisahau, mbili mbili.

mdawida_pwani
Na viatu vya kufunga! Ndara kule Ngangao hapana, udongo wateleza.