V8 la mtu mmoja hapa Mwanza, kuna ulazima kweli?

Mkazi wa Buzuruga:
Wakuu salama? Kila asubuhi foleni ya kwenda mjini naona ma-V8 na maprado, ndani dereva peke yake, vioo juu, AC inapuliza. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3 za hewa ya ukaa, dizeli ndo zaidi, kama 2.7, sasa gari la tani mbili na ushee linabeba mtu wa kilo 80 mpaka Kirumba tu hapo, inaniuma sana. Tufanyeje?

Baba Neema:
Mkuu sisi wengine kazi zetu ni vijijini huko Sengerema, mvua ikipiga IST hutoki nayo. Ila kwa mjini nakuunga mkono, mi siku za ofisini la kwangu nalipaki napanda daladala.

Dada wa Igombe:
Mnaongelea moshi tu, na kuosha je? Pitieni Mto Mirongo pale vijana wanapoosha magari muone, oili na grisi vinaelea juu rangi rangi, na mto wenyewe unamwaga ziwani, humo humo tunamovua sato na tunamochota maji jamani! Gari kubwa linataka maji mengi na lina tope kibao.

Mkazi wa Buzuruga:
Dada hilo sikuliwaza kabisa. Kuna mtu anajua sehemu ya kuoshea yenye shimo la kunasa mafuta, maeneo ya Nyakato au Igoma?