Je, kuna ulazima wa kupima ketoni ukiwa kwenye mlo wa keto?

Mkazi wa Nkuhungu

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Hii ni wiki ya saba tangu nianze mlo wa keto, yaani wa wanga kidogo sana na mafuta mengi, hapa Dodoma, baada ya kushauriwa nipunguze uzito kwa sababu ya magoti. Ugali wa uwele nimeuweka kando, wali nimeusahau, na mlenda ninaula kwa kijiko, jambo ambalo mama mkwe wangu hajalizoea hadi leo. Nilinunua kopo la vijiti vya kupimia ketoni kwenye mkojo, na majuma ya mwanzo kila asubuhi kijiti kiligeuka zambarau iliyokolea. Tangu wiki ya tano rangi imefifia ikawa waridi hafifu, na juzi haikubadilika kabisa, ilhali sijagusa wanga na sketi zinazidi kunipwaya. Mwenzangu kazini ananihimiza ninunue mashine ya kupima kwenye damu, lakini vijiti vyake ni ghali kuliko vya sukari. Je, mwili wangu umetoka kwenye ketosisi, ile hali ya kuchoma mafuta badala ya wanga na kutoa ketoni? Na je, kupima ni lazima? Naomba kuwasilisha.

Mtu wa Maabara, Mpwapwa

Dada, usivunjike moyo kwa sababu ya rangi. Ini linapochoma mafuta hutoa ketoni za aina tatu: asetoasetati, beta-hidroksibutireti na asetoni, ambayo ndiyo inayoipa pumzi ile harufu ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Kijiti cha mkojo kinaitambua asetoasetati peke yake, tena ile tu ambayo figo zimeimwaga nje. Majuma ya mwanzo kiasi kingi hupotea kwenye mkojo. Mwili ukishazoea, kinachomwagwa hupungua, na rangi hufifia hata kama ketosisi inaendelea vizuri.

Isitoshe, rangi hufuata maji uliyokunywa. Ukishinda juani bila kunywa maji, kwa ukavu huu wa kwetu, mkojo wa jioni utakolea na kijiti nacho kitakolea. Ukinywa lita mbili kitapauka, na kwenye damu hakuna kilichobadilika. Wanaotumia kaptopirili kwa ajili ya shinikizo la damu wanaweza hata kuona rangi ya ketoni zisizokuwepo. Mashine ya damu inapima beta-hidroksibutireti, na kwa mtu aliye kwenye mlo huu kiwango cha milimoli 0.5 hadi 3 kwa lita ndicho kinachotarajiwa. Hicho ni kipimo cha kuaminika zaidi, lakini swali la kwanza ni unataka kukifanyia nini. Mlo wenyewe ulianza mwaka 1921 kwa daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa, na mtoto wa kifafa anayetibiwa kwa mlo huu ana sababu ya kupimwa mara kwa mara. Wewe unayepunguza uzito una mzani na hizo sketi.

Niulize tu: kopo unaliweka wapi?

Mzee wa Singida

Ninaafiki, ila msimwambie kila mtu kwamba kupima hakuna maana. Mimi nina kisukari cha aina ya pili na nilikuwa nikimeza dapagliflozini. Nilianza keto bila kumshirikisha daktari wangu, nikaona nimepata njia ya mkato. Siku ya tisa nilianza kutapika, tumbo likiuma, pumzi zikienda kasi kama mtu aliyepanda mlima. Mke wangu alinipima sukari, mashine ikasoma 9, tukasema basi sukari haina shida, huenda ni chakula kilichoharibika. Tulipoteza nusu siku kwa ajili ya namba hiyo. Hospitalini walipopima ketoni za damu zilikuwa zimevuka 5, na damu ilikuwa imeshageuka kuwa na asidi.

Dawa za kundi hilo, pamoja na empagliflozini, huweza kuleta hali hiyo hata sukari ikiwa haijapanda sana, na mlo usio na wanga huongeza hatari. Anayetumia dawa hizo, au anayechoma insulini, asianze mlo huu bila daktari wake, na akiugua apime ketoni za damu. Akiona 3 au zaidi, au akitapika na kuhema, aende hospitali usiku huohuo. Mama anayenyonyesha naye asiufuate kwa kuiga wenzake.

Mpishi wa Kikuyu

Mimi nilikuwa mtumwa wa namba. Nikaongeza siagi kwenye chai na mafuta ya alizeti kwenye mboga ili ketoni zipande. Zikapanda kweli, na mzani nao ukapanda, kwa sababu ketoni hazibagui mafuta uliyoyala leo na yale ya kiunoni. Faida niliyoipata kwenye mashine ni moja: niligundua kwamba ubuyu niliokuwa nikiumung'unya mchana ndio ulionitoa kwenye ketosisi. Baada ya kulijua hilo, mashine imebaki kabatini.

Mkazi wa Nkuhungu

Nawashukuru sana, na Mzee wangu wa Singida, pole kwa yaliyokukuta. Sina kisukari na sinyonyeshi. Ninameza amlodipini tu, na nitamweleza daktari kuhusu mlo huu kwa kuwa shinikizo limeanza kushuka. Mashine sinunui. Kuhusu kopo, nimeona aibu kulijibu swali hilo: lilikaa dirishani bafuni, na kifuniko chake watoto walikwishakifanya gurudumu la gari lao. Nimesoma maandishi ubavuni, yanasema lifungwe vizuri na liwekwe mahali pakavu.

Mtu wa Maabara, Mpwapwa

Basi kile kijiti cha juzi hakikupima kitu. Litupe.