Usafi saluni ya kiume: spiriti ya kupulizia inatosha kweli?

Viti_Vitatu
Wakuu, habari za kazi. Saluni yangu ina viti 3, chumba cha mita 4 kwa 3, mlango mmoja na dirisha moja. Mwaka 2020 wakati wa korona tuliambiwa mengi: ndoo ya maji tiririka mlangoni, barakoa, kuachanisha viti, spiriti kila baada ya mteja. Tangu mpox ithibitishwe hapa Tanzania Machi 2025, wateja wameanza tena kuuliza. Vinyozi wangu wanapulizia spiriti kwenye meno ya mashine ikiwa inaunguruma, kisha wanamvaa mteja anayefuata. Inatosha? Na kile kisanduku cha mwanga wa bluu cha kuwekea vifaa kinaua kitu au ni pambo? Naomba na vipimo vya Jik.

FundiMashine
Haitoshi, tena ni hatari. Spiriti inatakiwa ilowanishe chuma walau dakika 1. Kwenye meno yenye joto inakauka kwa sekunde chache, na nywele zilizokwama kati ya meno ya juu na ya chini haizifikii kabisa. Mvuke wake nao unashika moto, na mota ya mashine inaweza kutoa cheche.

Kila baada ya mteja: zima mashine, chomoa. Piga brashi ngumu mpaka nywele zote zitoke. Futa meno kwa pamba yenye spiriti kuondoa mafuta, kisha lowanisha tena kwa spiriti ya 70% na uiache dakika 1 bila kufuta. Ikikauka, weka matone 2 ya mafuta ya mashine. Wengi huruka hapo kwenye mafuta, halafu wanashangaa mashine inachemka na kung'ata, maana spiriti huondoa ulainisho wote. Ukiweza, kila kiti kiwe na mashine 2: moja ipo kazini, nyingine imelazwa na spiriti.

Jioni fungua skrubu, toa meno, yasugue kwa mswaki na maji ya sabuni, yakaushe, yapitishe kwenye spiriti, kisha paka mafuta. Unaporudisha ndipo ajali zinapotokea: jino linalocheza lazima libaki nyuma kidogo ya lile lililosimama, kama nusu milimita hadi 1. Likisogea mbele linakata ngozi, na hapo umefungua mlango wa damu kwa sababu ya usafi wenyewe.

Spiriti ikiwa ya 96%, usiitumie hivyohivyo. Inakauka upesi mno, na bila maji ya kutosha ndani yake uwezo wake wa kuua vijidudu unapungua. Chukua ml 730, ongeza maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka ifike lita 1. Na wale wanaowasha moto kwenye meno kwa mbwembwe wanalegeza chuma. Wiki mbili tu mashine inavuta nywele badala ya kukata.

Siha_Mtaani
Naongezea upande wa magonjwa, maana korona na mpox haziambukizi kwa njia moja. Korona huenea zaidi kwa hewa. Mpox huenea zaidi kwa kugusana na vidonda, na virusi vyake hukaa siku nyingi kwenye taulo na vitambaa. Kwa hiyo kwa mpox kitambaa cha kumfunika mteja, taulo ya moto na brashi ya poda vina hatari kuliko benchi. Mwenye vidonda au malengelenge usoni au kichwani asinyolewe: wembe hutawanya vidonda kwenye ngozi yake mwenyewe. Mwelekeze kituo cha afya, kwa faragha, si mbele ya benchi zima.

Vipimo, kwa Jik ya 3.5% (soma lebo kwanza):
- Viti, meza, vitasa: ml 30 kwa lita 1 ya maji, yaani kama 0.1%. Acha dakika 10.
- Palipomwagika damu: kipimo 1 cha Jik kwa 6 vya maji, yaani 0.5%. Futa damu kwanza kwa tishu, umevaa glavu.

Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kwa kukadiria. Changanya kila asubuhi. Ikilala inapungua nguvu. Shanuo na vichana vya plastiki vioshwe kwa sabuni ndipo viloweshwe dakika 10 kwenye ile ya 0.1%, kisha visuuzwe. Hatua hii inasaidia sana kwa mapunye, ambayo spiriti peke yake haiyamalizi vizuri. Meno ya mashine usiyaloweke kwenye Jik, yatapata kutu. Na Jik isichanganywe kamwe na spiriti, siki, wala rangi ya nywele yenye amonia.

Kile kisanduku: mionzi inayoua haionekani kwa macho, kwa hiyo bluu unayoiona haithibitishi chochote. Hata kikiwa kizima, kinafikia pale tu mwanga unapogonga. Chini ya unywele haufiki. Kitumie kama kabati la vifaa ambavyo tayari ni safi.

Feni_Dirishani
Kwa ugonjwa wa hewa, chumba chako cha 4 kwa 3 ndicho tatizo, si mashine. Ondoa benchi la ndani na televisheni. Watu sita wanaotazama mpira wanapumuliana kuliko kinyozi na mteja wake. Wape namba wasubiri nje. AC ya ukutani inazungusha hewa ileile tu. Weka feni dirishani ielekee nje, mlango ubaki wazi.

Barakoa zina maana zikivaliwa na wote wawili. Springfield, Missouri, mwaka 2020, wasusi wawili waliokuwa na korona walihudumia wateja 139, barakoa zikivaliwa. Waliokubali kupimwa walikuwa 67, na wote walikutwa hawana. Ndevu ziache mwisho, maana hapo mteja lazima avue.

Viti_Vitatu
Asanteni sana wakuu. Wembe tunabadilisha kila mteja. Na shabu ya kuzuia damu?

Siha_Mtaani
Kipande kimoja cha shabu kwa wateja wote hapana, kinahamisha damu. Isage, chota kidogo kwa pamba mpya, kisha itupe pamba. Kishikio cha wembe nacho kifunguliwe na kioshwe, damu hujificha pale kinapobana. Virusi vya homa ya ini B huishi nje ya mwili walau siku 7. Nyembe zilizotumika ziingie kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, na ikifika robo tatu funga, usishindilie.