Ukurasa wa Blade Runner wa 1981: ninunue au niuache?

FundiLuthuli
Wadau, naomba macho yenu kabla sijatuma pesa.

Mimi ni fundi wa redio hapa Luthuli Avenue, Nairobi. Filamu ya Blade Runner niliiona kwa kanda ya VHS mwaka 1989, kwenye kibanda cha video Kariobangi, nikiwa na miaka 12. Haijanitoka hadi leo. Rutger Hauer, mwigizaji wa Roy Batty, alipofariki Julai 2019, mwaka uleule anaokufa Batty katika hadithi, nikaanza kukusanya karatasi za utayarishaji wa filamu hiyo. Mabango na sanamu sitaki, nataka karatasi. Ninazo 11 sasa. Ninayoipenda zaidi ni karatasi ya mwito wa siku, ile waliyogawiwa waigizaji na mafundi kuwaambia nani afike saa ngapi na seti gani inatumika. Imekunjwa mara nne, nadhani ilikaa mfukoni, na ina duara la kikombe. Walikuwa wakirekodi usiku kucha kwenye mitaa bandia ya studio pale Burbank, katikati ya moshi na mvua ya mabomba. Nikiishika najua kuna mtu aliyekuwa hoi kwa uchovu aliyeishika kabla yangu.

Sasa muuzaji wa Marekani amenitumia picha ya ukurasa wa mswada wa filamu: Batty juu ya paa, akisema maneno yake ya mwisho. Juu umepigwa tarehe 23 Februari 1981. Bei dola 180, mbali na posta na ushuru. Nitajuaje kama ni wa kweli?

MamaChapa
Kaka Fundi, nimechapa River Road miaka 20, acha nikwambie ya karatasi. Wamarekani hawatumii A4 yetu. Yao ya kawaida ni milimita 216 kwa 279, fupi na pana kidogo. Kama picha imepigwa wima bila kuinama, pima urefu ugawanye kwa upana. Ukipata 1.29 endelea, ukipata 1.41 hiyo ni A4, achana nayo. Angalia na matundu: miswada yao hutobolewa matatu na kufungwa kwa pini za shaba, faili zetu ni mawili. Watu watakwambia umulike kwa ile taa ya kukagulia noti. Kwa karatasi ya 1981 haitakusaidia, maana dawa ya kung'arisha karatasi, ile inayowaka chini ya taa hiyo, ilikuwa imeshaanza kutumika viwandani miaka mingi kabla ya hapo.

FundiLuthuli
Dada, ahsante sana. Nimepima: 1.29. Matundu matatu. Moyo unanidunda.

MsomajiNgara
Tulia kwanza. Umesoma maneno yenyewe? Ile sentensi ya Batty, kwamba yote aliyoyaona yatapotea kama machozi kwenye mvua, imo?

FundiLuthuli
Imo, neno kwa neno kama kwenye filamu. Ndiyo sababu nautaka.

MsomajiNgara
Basi si wa Februari 1981. Mswada wa tarehe hiyo, wa waandishi Hampton Fancher na David Peoples, una hotuba nyingine, na machozi hayamo. Kurekodi kulianza Machi 9. Hauer mwenyewe ndiye aliyeipunguza hotuba usiku wa kuamkia siku ya kurekodi, akaongeza sentensi ile. Ukurasa wa Februari ungeijuaje?

Studio nazo huandika mazungumzo yote upya filamu ikishahaririwa, lakini waraka huo hauwezi kuwa na tarehe ya kabla ya kurekodi. Na kurasa zinazorekebishwa kazi ikiendelea huchapwa kwenye karatasi za rangi, buluu, waridi, njano, zikiwa na tarehe mpya juu na nyota pembeni mwa mstari uliobadilishwa. Huo wako una nyota?

FundiLuthuli
Hauna. Karatasi ni nyeupe pe.

Nimemwandikia muuzaji kwamba sinunui. Sikumwita mwongo, huenda naye aliuziwa. Imeniuma, sitaficha, nilishauona kwenye fremu. Lakini Msomaji, umenigeuza kabisa. Nilikuwa natafuta ukurasa wenye maneno yale, na sasa nautaka ule usio nayo, wenye hotuba ambayo Hauer aliishika usiku ule akaona haijafika. Nitautafuta hata ikichukua miaka 10.

MamaChapa
Na hizo 11 unaziweka wapi?

FundiLuthuli
Sanduku la bati, juu ya kabati. Nimezibana kwa klipu.

MamaChapa
Klipu zitoe leo hii, kutu ikishaingia kwenye karatasi haitoki. Bati juu ya kabati chini ya mabati ya nyumba ni tanuri. Shusha, weka kila moja kwenye mfuko wa poliesta, si ile plastiki laini yenye harufu, halafu sanduku la kadibodi isiyo na asidi. Usizikaribishe laminesheni hata ukipewa bure. Mende wakoje huko kwako?

FundiLuthuli
Wapo. Nashusha sanduku jioni hii.